Kufuga mbawakawa wa wavu Malindi: chakula chao ni gogo lenyewe

Watu huniletea mabuu ya mbawakawa hawa, wale wenye mbawa za mistari kama wavu, wakiwa ndani ya chupa, pamoja na mchwa wawili watatu ili wasife njaa. Mabuu hawa hawali mchwa. Hata wataalamu wa zamani waliwadhania wawindaji, kwa kuwa hukutwa chini ya maganda ya miti pamoja na wadudu wanaowinda. Lakini chukua lenzi utazame kinywa: kila taya ni jembamba kama sindano, nalo limepasuliwa kwa urefu. Taya la namna hiyo haling'ati wala halitafuni. Linafyonza majimaji ya mti unaooza, yaliyojaa kuvu na hamira.

Kwa hiyo shughulikia gogo kwanza. Mimi napenda la mwembe lililolala shambani mpaka ganda linabanduka kwa kucha. Msitu wa Arabuko-Sokoke umehifadhiwa, usitoe hata kipande huko bila kibali. Mashamba ya Gede yanatosha. Kata kipande pamoja na ganda lake, kiweke kwenye beseni penye kivuli, ufunike kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa.

Unyevu ndio kazi hasa. Msimu wa kaskazi gogo hukauka upesi, na buu hana pa kunyonya. Bonyeza ganda kwa kidole gumba kila asubuhi: kidole kitoke na unyevu, lakini maji yasichuruzike. Nyunyiza maji ya mvua. Yale ya visima vyetu vya chumvi yaache.

Halafu uwe na subira, maana ubuu huchukua miezi mingi, na kwa baadhi ya spishi hupita mwaka. Ukiona mabuu wamekusanyika mahali pamoja na kutulia, usifunue ganda tena. Mara nyingi wanajiandaa kuwa pupa, hatua ya kutulia kabla buu hajageuka mbawakawa.

Mbawakawa akitoka huwa laini na amepauka. Mbawa zikishakauka, miinuko ya urefu na mistari midogo inayoikatiza hujitokeza, na hapo utauona wavu wenyewe, aghalabu wa rangi ya chungwa na nyeusi. Rangi hizo ni onyo: mwili wake una kemikali chungu, na ukimbana hutoa majimaji yenye harufu kali. Ndege akishaonja humwacha, ndiyo maana wapo nondo na mbawakawa wa jamii nyingine wanaofanana naye sana. Ukimpata mmoja juu ya ua, hesabu miinuko ya mbawa kabla hujampa jina.

Wakubwa siwaweki. Maisha yao ni mafupi, na jike anahitaji mti unaooza ili atage, kwa hiyo mimi huwarudisha shambani asubuhi, lilikotoka gogo.