Korosho kwenye mashimo ya bao: namba 4,294,967,295

Bao lina safu nne za mashimo manane, jumla 32. Tia korosho moja shimo la kwanza, mbili la pili, nne la tatu, ukiongeza maradufu hadi shimo la mwisho. Zote pamoja ni 4,294,967,295, yaani 2 kipeo cha 32 ukitoa 1. Huku Mtwara tunapima kwa magunia: zikiingia korosho ghafi 200 kwenye kilo, hizo ni gunia 268,435 za kilo 80 na ushei. Shimo la mwisho lina 2,147,483,648, moja zaidi ya mashimo 31 ya nyuma yote kwa pamoja. Wengi huliandikia kipeo cha 32, wakakosea: shimo la kwanza ni kipeo cha 0, basi la 32 ni kipeo cha 31.

Utamu uko kwenye vigawo. Usijaribu namba tasa mojamoja, utachoka bure. 2 kipeo cha 32 ni mraba wa 65,536, na mraba ukitolewa 1 huvunjika mara mbili: 65,535 × 65,537. Kwa njia hiyohiyo 65,535 ni 255 × 257, 255 ni 15 × 17, na 15 ni 3 × 5. Unabaki na

3 × 5 × 17 × 257 × 65,537

na zote ni tasa. Tena zinazaana: 3 × 5 ongeza 2 ni 17, 3 × 5 × 17 ongeza 2 ni 257, zidisha na 257 pia, ongeza 2, unapata 65,537. Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa wa karne ya 17, aliamini mfululizo huu utatoa tasa daima. Zidisha zote tano, ongeza 2, inakuja 4,294,967,297. Mwaka 1732 mwanahisabati Euler akaonyesha kwamba hiyo ni 641 × 6,700,417. Tasa ya sita ya aina hii haijapatikana hadi leo.

Kila kigawo tasa ama unakichukua ama unakiacha, kwa hiyo namba yetu ina vigawo 32, sawasawa na mashimo ya bao. Na kwa kazi ya wanahisabati Gauss (1796) na Wantzel (1837), umbo la pande sawa na pembe sawa, lenye pande za idadi witiri, huchoreka kwa bikari na rula isiyo na alama pale tu idadi hiyo ni zao la tasa hizi bila kurudia. Pande 15 zinawezekana; 9 haziwezekani, maana 3 imerudiwa. Umbo la witiri lenye pande nyingi zaidi tunalojua kuwa linachoreka lina pande 4,294,967,295.

Namba hii ndiyo pia inayokufanya ushindwe kuingiza sinema kwenye flashi yenye nafasi tele. Mfumo wa FAT32, unaopanga faili kwenye flashi nyingi, huandika ukubwa wa faili kwa biti 32, kama mashimo 32 ambayo kila moja ni tupu au limejaa. Yakijaa yote ni baiti 4,294,967,295, na faili ikizidi hata baiti moja inakataliwa. Dawa ni kuifomati flashi upya kwa mfumo mwingine: hamisha vilivyomo kwanza, maana kufomati kunafuta kila kitu, kisha chagua exFAT, mfumo usio na kikomo hicho. Televisheni ya zamani isipoisoma, rudi FAT32 na ukate sinema vipande viwili.