Milango ya gari ikigoma kujifunga, usikimbilie kununua swichi

Mlango wa nyuma kushoto wa gari langu ulipoacha kuitikia swichi ya kufungia milango, nililoambiwa kwanza ni hili: "Swichi imekufa, tafuta nyingine." Nikatafuta ya mtumba, ikafungwa, na mlango ukabaki kimya vilevile. Swichi niliyoitoa haikuwa na kosa lolote. Tangu hapo nimezisikia kauli za aina hiyo kwenye gereji nyingi, na inaniuma kuona bado zinawatoa watu fedha zao.

"Milango haijifungi, basi swichi ni mbovu"

Hii ndiyo inayogharimu watu wengi zaidi. Katika magari mengi ya Kijapani tunayoendesha, swichi ya mlango wa dereva haipeleki umeme kwenye vitasa. Inatoa ishara tu. Ukiibonyeza, waya mwembamba unagusana na athi, yaani bodi ya gari iliyounganishwa na upande hasi wa betri. Rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) au kifaa kinachoongoza sentro loki, yaani mfumo wa kufunga milango yote kwa pamoja, kinaipokea ishara hiyo, ndipo kinapeleka volti 12 kwenye mota ndogo iliyomo ndani ya kila kitasa. Umeme ukipita upande huu mota inafunga, ukigeuzwa inafungua. Kati ya kidole chako na komeo kuna safari ndefu, na hitilafu inaweza kuwa popote njiani.

Kwa hiyo kaa ndani ya gari, zima redio, bonyeza swichi, usikilize mlango mmoja mmoja. Kisha toka nje ufanye hivyo hivyo kwa rimoti. Kama rimoti inafunga milango yote na swichi haifungi hata mmoja, hapo una sababu ya kuishuku swichi au waya wake. Kama ni mlango mmoja tu unaogoma, kwa swichi na kwa rimoti, swichi haihusiki. Angalia mota ya mlango huo na waya zake. Milango yote ikiwa kimya kwa njia zote mbili, anza na fyuzi, halafu rilei na athi. Ila kumbuka kwamba kwenye Toyota nyingi rimoti haifanyi kazi ufunguo ukiwa umechomekwa sehemu ya kuwashia gari, kwa hiyo uchomoe kabla ya kujaribu. Mimi dakika tano za kusikiliza hivi zingeniokolea bei ya swichi nzima.

"Mota ikilia, ni nzima"

Mota inaweza kulia na isiwe na nguvu ya kusukuma komeo. Brashi zake za ndani huisha taratibu: leo inafunga, kesho inashtuka tu na kuacha, asubuhi inaitika na mchana wa jua kali inakataa. Kuipima kunahitaji uangalifu kidogo, kwa sababu umeme unafika kwa muda mfupi sana, chini ya sekunde moja, na mita ya dijitali mara nyingi haiwahi kuusoma. Taa ya kupimia ni bora zaidi. Iunganishe kwenye soketi ya mota, mwenzako abonyeze swichi. Taa ikimulika na kitasa kisisogee, mota imechoka. Taa isipomulika kabisa, umeme haufiki.

Kama ni mota, uliza kwanza kabla ya kununua kitasa kizima. Vitasa vingi vya Toyota na Honda vina mota ya aina ya FC-280, na fundi mwenye mkono mtulivu anaweza kukifungua kitasa akaibadilisha hiyo peke yake.

"Waya hazikatiki bila kuguswa"

Zinakatika. Karibu na bawaba kuna mpira wenye mikunjo unaopitisha waya kutoka kwenye bodi kuingia mlangoni. Kila ukifungua na kufunga mlango, waya hizo zinapinda, na baada ya miaka shaba inakatika ndani huku ganda la nje likionekana zima. Dalili yake ni mlango kuitikia ukiwa wazi na kukataa ukiwa umefungwa, au kioo na kitasa kusumbua kwa pamoja. Vuta mpira ule, kisha uvute waya mmoja mmoja taratibu: unaonyumbuka kama lastiki ndio uliokatika. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wa mlango wangu. Usiusokote na kuuzungushia utepe palepale kwenye mpindo, utakatika tena. Ongeza kipande cha waya laini, na maungio yote mawili yakae nje ya mpindo, yaunganishwe kwa risasi ya kuyeyusha.

"Fyuzi ikiungua kila mara, weka kubwa zaidi"

Hapana kabisa. Fyuzi iko pale kuulinda waya. Ukiweka kubwa, kitakachoungua ni waya wenyewe, ndani ya mlango usiouona. Tafuta waya uliochubuka unaogusa bodi. Anza na ule mpira wa bawaba.

"Milango ikijifunga yenyewe, kuna mtu ana rimoti yako"

Hofu hii naielewa, lakini magari mengi yametengenezwa kujifunga tena yenyewe sekunde 30 au 60 baada ya kufunguliwa kwa rimoti, kama hakuna mlango uliofunguliwa. Ikitokea ukiwa safarini, tena mara kwa mara, shuku unyevu ndani ya swichi, au kiswichi kidogo kilichomo ndani ya kitasa kinachotoa ishara za uongo. Shuku pia alamu iliyofungwa baada ya gari kufika nchini. Waya za sentro loki hukatwa ili kuiunganisha, na maungio yaliyosokotwa kwa mkono hulegea.

"Pulizia mafuta kwenye swichi"

Mafuta yananasa vumbi na kuharibu zaidi. Tumia dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kusafishia viunganishi vya umeme. Kwenye swichi ya kawaida ya ishara ya athi, mita ikiwekwa kwenye kipimo cha omu (ukinzani wa umeme) ionyeshe karibu 0 ukibonyeza, na ionyeshe kwamba njia imekatika ukiachia. Ikipita hapo, ni nzima.

Kabla ya kufungua jalada la ndani la mlango, toa waya hasi wa betri na usubiri sekunde 90, hasa kama gari lina mifuko ya hewa ya pembeni. Nyuma ya jalada utakuta karatasi ya nailoni. Tafadhali usiitupe, na usikubali fundi aitupe: ndiyo inayozuia maji ya mvua yanayoteremka kwenye kioo yasifike kwenye swichi na soketi. Ibandike upya ilivyokuwa.

Ukirudisha betri, jaribu kufunga na kufungua mara kumi mlango ukiwa wazi, halafu mara kumi ukiwa umefungwa. Shusha kioo kwanza, na ufunguo uwe mfukoni mwako.