Antibiotiki haitibu mafua, hata makamasi yakiwa ya kijani

Baridi ya Juni hadi Agosti inapotanda Nairobi, sisi wafamasia wa katikati ya jiji huombwa kitu kilekile kuanzia tunapofungua hadi tunapofunga: amoksilini, antibiotiki ya jamii ya penisilini, ya shilingi hamsini, kwa sababu mtu ameamka akipiga chafya. Sheria inataka dawa hiyo itolewe kwa cheti cha daktari, lakini ninayemkatalia huvuka barabara na kuuziwa kapsuli sita ndani ya karatasi, bila kuulizwa hata kama ana mzio wa penisilini. Basi niyaandike hapa yale ambayo foleni ya dukani hainipi nafasi ya kuyaeleza.

Mafua husababishwa na virusi, hasa rinovirusi, ambavyo aina zake zinazojulikana ni zaidi ya 150. Amoksilini huua bakteria kwa kuwazuia wasijenge kuta za seli zao, na kwa kuwa kirusi hakina ukuta wa aina hiyo, dawa haina mahali pa kukishika. Kuongeza dozi hakubadilishi jambo hili, wala kuhamia antibiotiki ya bei ghali zaidi, wala kudungwa sindano, ambayo wengi huiamini kwa sababu tu inauma.

Hapo ndipo mteja hunijibu kwamba mara ya mwisho alimeza akapona. Simbishii kwamba alipona. Ninachombishia ni sababu. Mafua huanza kwa koo kuwasha, huzidi makali siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua yenyewe na kwa kawaida huisha kati ya siku ya saba na ya kumi, ingawa kikohozi kinaweza kubaki kwa wiki mbili au tatu. Watu hawaji dukani siku ya kwanza. Huja siku ya tatu wakiwa wamezidiwa, wanameza kapsuli, siku ya tano wanajisikia nafuu ambayo wangeipata hata kama wangemeza unga wa muhogo, na dawa inapewa sifa isiyostahili. Ushauri wangu, ambao wateja wangu wa muda mrefu wameuchoka, ni kuandika tarehe ya dalili ya kwanza kwenye kalenda ya ukutani na kuhesabu siku kabla ya kuhesabu pesa.

Hoja ya pili ni rangi ya makamasi, nayo hunichosha kuliko zote, maana hata baadhi ya wahudumu wa afya huieneza. Makamasi hugeuka manjano au kijani kwa sababu chembe nyeupe za damu zilizokuja kupigana zina kimeng'enya chenye madini ya chuma na rangi ya kijani. Hiyo ni alama ya kinga inayofanya kazi, na huonekana katika maambukizi ya virusi kama ilivyo katika ya bakteria. Rangi pekee haimpi mtu yeyote ruhusa ya kununua antibiotiki.

Madhara nayo si ya kubuni. Zipo kuhara, fangasi na vipele, na kwa wachache mzio unaoweza kuua. Zaidi ya hayo, bakteria wanaoishi mwilini mwetu bila kutudhuru hujifunza kuistahimili dawa, kisha huwapitishia wengine usugu huo. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya kuhusu dozi pungufu alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Mwaka 2019, vifo vilivyotokana moja kwa moja na usugu wa bakteria duniani vilikadiriwa kuwa milioni 1.27. Amoksilini hiyohiyo tunayoichezea ndiyo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kuwa dawa ya kwanza ya nimonia kwa watoto wadogo, na siku mtoto atakapoihitaji, inapaswa iwe bado ina nguvu.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Vitamini C inayoanzwa baada ya mafua kuingia haionyeshi faida ya kutegemewa. Anayeinywa kila siku hupunguziwa muda wa kuugua kwa takriban asilimia 8 tu, ikiwa ni mtu mzima. Kujifukiza kwa mkaratusi hutuliza pua kwa muda lakini hakuui kirusi, na sufuria ya maji yanayochemka karibu na mtoto ni hatari kubwa kuliko mafua yenyewe. Tangawizi, limau na asali ni kinywaji kizuri, na asali hupunguza kikohozi kwa kiasi fulani, ila asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja kwa sababu ya hatari ya botulizimu, yaani sumu ya bakteria inayolegeza misuli. Kunyeshewa hakuzalishi virusi. Tunaambukizana zaidi tunapojifungia kwenye matatu yenye madirisha yaliyofungwa. Dawa ya matone ya kuzibua pua, ikipita siku tano hivi, huanza kuiziba upya.

Kuhusu vidonge vya mchanganyiko vya mafua, tafadhali someni pakiti. Vingi vina parasetamoli ndani yake, na anayeongeza parasetamoli nyingine juu yake hupita kwa urahisi gramu 4 kwa siku, ambazo ndizo kikomo cha mtu mzima mwenye ini zima.

Wapo wasiopaswa kuishia kwangu hata kidogo: mtoto wa chini ya mwaka mmoja anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, wa mwaka mmoja hadi mitano anayefikisha mara 40, yeyote ambaye kifua kinabonyea akivuta pumzi, na mtu mzima ambaye homa ilishuka kisha ikarudi kwa nguvu. Hao waende kituo cha afya siku hiyohiyo, na antibiotiki wakiandikiwa huko, nitawapa dozi nzima bila neno.