Gitaa linavuma? Msiing'oe ethi

Bendi za makanisa ninazozihudumia hapa Dodoma, kuanzia Nkuhungu hadi Ipagala, huniita zaidi kwa tatizo moja: gitaa linavuma. Mara nyingi nikifika nakuta plagi ya ampu (kikuza sauti cha gitaa) imeshang'olewa mguu wa ethi, yaani ule wa waya unaopeleka umeme wa hitilafu ardhini, kwa sababu mtu aliwaambia kelele itaisha. Ni kweli inaweza kupungua. Lakini hakuna jambo la hatari zaidi ya hilo jukwaani, na mvumo huo una dawa nyingine.

Sikiliza kwanza ni kelele ya aina gani. "Krr-krr" unapozungusha kitufe cha sauti ni vumbi, na sisi kiangazi chote tunalo; dawa yake ni dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya umeme. Ikitokea unapotikisa kebo, ni jeki au waya uliolegea. "Shhh" mara nyingi ni pedali ya kukwaruza sauti iliyofunguliwa kupita kiasi. "Vuuu" nzito isiyokatika ndiyo ya umeme wenyewe, wa herzi 50, na hiyo ndiyo inayowasumbua wengi.

Chomoa kila kitu kwenye ampu. Ikiendelea kuvuma, ugonjwa uko ndani ya ampu, mpelekee fundi. Ikinyamaza, chomeka gitaa moja kwa moja kwa kebo moja, kisha rudisha pedali moja moja. Ukiikuta pedali inayoleta kelele, iendeshe kwa betri ya volti 9. Ikitulia, mkosaji ni adapta.

Kama gitaa peke yake linavuma, shika nyuzi. Mvumo ukipungua, ethi ya gitaa ni nzima. Usipobadilika, lakini ukapungua unapogusa chuma cha jeki, waya mdogo unaounganisha daraja la nyuzi na jeki umekatika. Kuulehemu ni kazi ya dakika chache.

Sasa geuka taratibu na gitaa lako. Mvumo ukipanda na kushuka kadiri unavyogeuka, pikapu (kinasa mtetemo wa nyuzi kilicho chini yake) ya koili moja inanasa kelele kutoka hewani: tubulaiti, swichi ya kupunguza mwanga, transfoma ya ampu yenyewe. Sogea mbali nayo. Mwaka 1955 Seth Lover wa kampuni ya magitaa ya Gibson aliunda pikapu ya koili mbili zilizopangwa kinyume, ili kelele ya nje ijifute yenyewe na sauti ya nyuzi ibaki. Kwa kanisa lenye tubulaiti nyingi, nashauri gitaa la aina hiyo bila kusita.

Kinachobaki ni mzunguko wa ethi: ampu imechomekwa mbele, miksa imechomekwa nyuma kwenye soketi nyingine, na kebo ya sauti inaziunganisha. Hapo ethi zina njia mbili na mvumo unazunguka humo. Pelekeni umeme wa vyote kutoka soketi moja. Ikishindikana, wekeni kati ya ampu na miksa DI boksi (kisanduku cha kupitishia sauti kwenda miksa) yenye transfoma, mbonyeze swichi yake ya kutenganisha ethi ya sauti. Hiyo hukata ethi ya kebo ya sauti tu; ya umeme inabaki.

Ethi ya umeme ikikatwa, hitilafu moja ndani ya ampu inaweza kuleta volti 230 hadi kwenye nyuzi. Anayepiga huku mdomo uko kwenye maiki anakuwa njia ya umeme. Mpiga gitaa Les Harvey alikufa hivyo jukwaani Swansea, Wales, mwaka 1972, alipogusa maiki.

Na kwetu hata ethi iliyopo haitoshi kuaminiwa. Mvua zikikatika Aprili, udongo hukauka kwa miezi, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Hitilafu ikitokea, fyuzi inaweza isikatike. Multimita ya kawaida itawaonyesha volti 230 kati ya laini (waya wenye umeme) na ethi hata kama ethi ni dhaifu, kwa hiyo mwiteni fundi mwenye kipimo cha ukinzani wa ethi, aje Septemba au Oktoba ardhi ikiwa kavu kabisa. Akiwa hapo, afunge RCD (swichi inayojizima umeme ukivuja) ya miliampia 30 kwenye njia ya umeme ya jukwaa. Na mkisikia ganzi ya umeme mdomoni au vidoleni, zimeni vyote kabla hajafika.