Dhana potofu kuhusu nani wa kuogopwa

Dhana: "Mtu hatari utamjua tu ukimwona."

Ukweli: Februari 4, 1999, New York, Amadou Diallo, kijana wa miaka 23 kutoka Guinea, alikuwa mlangoni mwa jengo alimokuwa akiishi. Askari wanne waliovalia kiraia walimfyatulia risasi 41, na 19 zikampata. Walichodhani ni bastola mkononi mwake ilikuwa pochi. Hakuwa na silaha yoyote.

Dhana: "Nasema nilichokiona kwa macho yangu."

Ukweli: Macho huona, lakini mazoea ndiyo yanayofasiri. Mwaka 1976 mtafiti Birt Duncan aliwaonyesha wanafunzi Weupe wa Marekani video ya wanaume wawili wakibishana hadi mmoja akamsukuma mwenzake. Mweusi alipomsukuma Mweupe, asilimia 75 ya watazamaji walisema huo ni ukatili. Mweupe alipomsukuma Mweusi, waliosema hivyo walikuwa asilimia 17 tu. Wengine walisema anatania. Ndiyo maana ushahidi wa aina ya "nilimwona akitaka kupigana" unahitaji swali la pili: alifanya nini hasa?

Dhana: "Mimi si mbaguzi, kwa hiyo hofu yangu ina sababu."

Ukweli: Mwaka 2002 Joshua Correll na wenzake walitumia mchezo wa kompyuta: mchezaji aamue haraka kumpiga risasi mwenye silaha na kumwacha asiye nayo. Wachezaji waliwahi zaidi kumpiga mwenye silaha akiwa Mweusi, na waliwahi zaidi kumwacha asiye na silaha akiwa Mweupe. Wachezaji Weusi nao walionyesha mwelekeo huohuo. Si lazima uwe na chuki. Inatosha kuwa umeiona picha ya Mweusi kama mtu hatari ikirudiwa tangu utotoni.

Dhana: "Wagonjwa wa akili ni wakatili."

Ukweli: Wengi wao hawamdhuru mtu yeyote. Wenye maradhi makali ya akili wana uwezekano mkubwa zaidi wa kufanyiwa ukatili kuliko kuufanya.

Dhana: "Bora kumshuku mtu bure kuliko kujuta baadaye."

Ukweli: Anayeshukiwa bure anaweza kulipa kwa uhai wake, na mkosaji halisi anapata mwanya. Norway iliposhambuliwa Julai 22, 2011, baadhi ya wachambuzi waliwanyooshea Waislamu kidole saa za mwanzo kabisa. Muuaji wa watu wale 77 alikuwa Anders Breivik, Mnorwe Mweupe mwenye siasa kali za mrengo wa kulia.

Na mwanya huo ni mpana zaidi nyumbani. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, wanawake na wasichana wapatao 85,000 waliuawa kwa kukusudia duniani mwaka 2023. Kati yao 51,100, yaani asilimia 60, waliuawa na wenzi wao au jamaa zao. Inaniuma kwamba binti anaonywa kila siku juu ya mgeni wa njiani, halafu akisema mumewe anampiga anaambiwa avumilie.

Dhana: "Basi mnataka tusiogope chochote."

Ukweli: Hofu ina kazi yake, ila iangalie matendo. Mtu anayetishia kuua, anayekuwinda kila uendako, aliyewahi kukupiga, hasa aliyewahi kukukaba shingo: kukabwa na mwenzi ni miongoni mwa dalili nzito kabisa kwamba siku moja anaweza kuua. Hata kama jirani wote wanamsifu kwa upole.