Ukirithi redio ya mbao ya babu, usiichomeke kwanza

Nimeshalisema sana hili na nalisema tena, ukipata redio ya zamani ya mbao, ile kubwa yenye kioo kimeandikwa majina ya miji na vitufe vya rangi ya maziwa, usiichomeke kwenye umeme eti uone kama bado inaongea. Wengi wanaotuletea redio hapa karakana ya makumbusho wanaanza na maneno yaleyale, "ilikuwa nzima kabisa, tukaiwasha ikaongea kidogo, halafu ikatoa moshi." Ni kweli ilikuwa nzima, hizo dakika chache za kujaribu ndo zimeiua, na kinachoungua mara nyingi ni transfoma ambayo leo huipati dukani, wakati chanzo chake ni kapasita, kipande kidogo cha kuhifadhi chaji ya umeme, cha bei ya soda.

Redio hizi hazina transista, zina valvu, yaani vichupa vya kioo vilivyotolewa hewa, ndani kuna kiwaya kinapashwa moto mpaka kinang'aa rangi ya chungwa, elektroni zinatoka hapo zinakimbilia bati linaloitwa anodi, na katikati kuna gridi, kiwavu chembamba kinachoamua ngapi zipite na ngapi zibaki. Fleming wa Uingereza ndo aliyesajili valvu ya kwanza mwaka 1904, gridi ikaongezwa baadaye na Lee de Forest wa Marekani na hapo ndo sauti dhaifu ikaweza kukuzwa. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1951, wasikilizaji walikuwa na redio za valvu, maana redio za transista zimeanza kuuzwa madukani 1954. Kwa hiyo hicho kiboksi cha mbao kilichokaa juu ya kabati sebuleni kina historia kubwa kuliko unavyodhani, na ndo maana tunaomba kiguswe kwa adabu.

Sasa hatari yenyewe. Ndani ya redio hizi kuna umeme wa DC, yaani wa mwelekeo mmoja kama wa betri, wa volti 250 hivi, saa ingine zaidi, na unaweza kubaki kwenye kapasita kubwa hata ukishachomoa plagi. Kabla hujaingiza mkono pima kwa mita, kisha mwaga chaji kupitia rizista, kile kipande kinachobana mkondo, usishotishe kwa bisibisi. Halafu kuna aina moja ambayo naiogopa mimi mwenyewe na nimeshika redio miaka mingi, hizi zisizo na transfoma ya umeme, zilizotengenezwa kwa sababu Ulaya miji mingine ilikuwa bado na umeme wa DC na transfoma haifanyi kazi na DC. Utazitambua kwa valvu zinazoanza na herufi U, kama UCH81, UL84 na UY85. Kwenye hizo chesisi yote, lile fremu la chuma linalobeba vipande vyote, imeungwa moja kwa moja na waya mmoja wa umeme wa ukutani, ukiigeuza plagi vibaya chuma chote kina volti 230, hata ile skrubu ndogo inayobana kitufe cha sauti inaweza kukupiga shoti. Hiyo kama huna transfoma ya kutenganisha umeme, mpelekee fundi anayezijua.

Zenye transfoma, ambazo valvu zake zinaanza na E, mfano ECH81, EABC80, EL84 na EZ80, ndo nzuri kujifunzia. Anza nyuma ya redio utafute kiteuzi cha volti, nyingi zina 110, 127, 220 na 245 hivi, ukikuta mtu aliiacha kwenye 127 na hapa kwetu umeme ni 230, au 240 kwa wenzetu Kenya, ukiirekebisha umeokoa redio kabla hata hujashika solda. Ukifungua vaa barakoa maana vumbi ni la miaka sitini na humo wameishi mende na panya, na kama kuna kibati cheupe kama karatasi ngumu juu ya valvu usikikwangue, seti nyingine ziliwekwa asbesto pale kuzuia joto, na vumbi lake linadhuru mapafu.

Halafu piga picha. Piga nyingi, kila kona, kabla hujakata hata waya mmoja.

Kitu cha kwanza watu wanauliza ni valvu mpya zinapatikana wapi, na jibu langu huwa ni kwamba acha valvu kwanza, hizo mara nyingi ndo za mwisho kuharibika. Wanaokufa ni kapasita. Zile za zamani ni karatasi na bati vimekunjwa pamoja vikazibwa kwa nta au lami, na karatasi inakunywa unyevu, na huku kwetu pwani, Tanga, Mombasa, Unguja, unyevu haukosekani. Kapasita ikishanyonya unyevu inavujisha umeme wa DC ambao kazi yake ilikuwa kuuzuia.

Mbaya kuliko zote ni ile inayopeleka sauti kwenye gridi ya valvu ya mwisho, tuseme EL84, huwa ni ndogo, ya nanofaradi (kipimo cha kapasita) 10 au 22 tu. Ikivuja volti chanya zinaingia kwenye gridi, geti linabaki wazi, valvu inavuta mkondo kupita kiasi mpaka anodi inakuwa nyekundu kama mkaa, na mkondo wote huo unapita kwenye transfoma ya spika mpaka waya wake mwembamba unakatika, na wewe wakati huo unafurahi redio inaongea. Ndo moshi ule. Kwa hiyo hiyo inabadilishwa kabla ya kuwasha, bila mjadala, weka ya plastiki ya volti 630. Baada ya kuwasha pima pini namba 2 ya EL84, isomeke sifuri au chini ya sifuri, ikisoma chanya zima haraka.

Kapasita kubwa za kulainisha umeme nazo zinakauka, ndo ule mngurumo. Ya mikrofaradi 32 weka 33, ya 50 weka 47, za volti 450, ila usijifanye mkarimu ukaweka 220, EZ80 haikutengenezwa kubeba zaidi ya mikrofaradi 50. Kapasita iliyoungwa kati ya waya mbili za umeme wa ukutani lazima iwe ya daraja la usalama la X2, na inayotoka hapo kwenda chesisi iwe Y2. Rizista za kaboni zipime zote, zinapenda kupanda omu kuliko zilivyoandikwa. Na vile viskrubu vya kwenye makopo ya IF, yale ya bati yenye koili za masafa ya kati, usiviguse kabisa, vinakatikia ndani na redio inapoteza mlio kabisa.

Kuwasha mara ya kwanza unga balbu ya wati 60 ya zamani, ile ya kiwaya na sio ya LED, kwenye waya mmoja wa umeme kabla ya redio. Ikiwaka ghafla halafu ikafifia uko salama. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, zima urudi kutafuta.

Vipande vya zamani ulivyotoa weka kwenye mfuko uandike vimetoka wapi, sisi makumbusho huwa tunatoboa ile kapasita ya zamani tunaficha mpya ndani yake ili ukigeuza chesisi uone sura ileile ya fundi wa kiwandani.

Ikishaongea usishangae stesheni yako ya FM ikikosekana, seti nyingi za Kijerumani za miaka ya 50 zinaishia megahezi 100 tu wakati leo FM inafika 108. Ila nyuma kuna matundu ya gramafoni, kwenye hizi zenye transfoma unaweza kuunganisha simu, kila upande wa sauti, kushoto na kulia, pitisha kwenye rizista ya kilo-omu 1 kisha viungane kuwa kimoja. Subiri kama nusu dakika valvu zipate moto, taarabu ianze kupanda taratibu.