Haisi ya Kulalia: Anza na Paa, Injini Baadaye

Wateja wangu wengi huja wakiwa wameshalipa. Mtu anaegesha Haisi mbele ya gereji yetu hapa Ngamiani, anashuka anatabasamu, anasema, "Fundi, nitengenezee chumba humu ndani, mimi na mama watoto tuwe tunakwenda Lushoto na Pangani." Kabla sijamjibu, natoa sumaku mfukoni.

Sumaku yenyewe ni ya spika mbovu, nimeifunga kitambaa isikwaruze rangi. Naipitisha juu ya bodi taratibu. Inaposhika, chini kuna bati. Inapoteleza, chini kuna puti, ule udongo wa kuzibia bodi kabla ya rangi, na chini ya puti mara nyingi kuna kutu. Mwezi uliopita mwalimu mmoja mstaafu alinifuata nyuma kila nilipopitisha mkono. "Fundi, hili gari si zima?" Nikamwambia, "Zima, mwalimu, ila linaumwa kichwa." Paa lote lilikuwa puti.

Ushauri wangu ni huu: nunua bodi. Injini ya Haisi ikifa, Tanga hii mafundi wapo na spea zipo, maana ndiyo gari lililobeba abiria wa nchi hii miaka nenda rudi. Paa likioza, hakuna duka la mapaa. Sisi tunaishi na upepo wa chumvi, na gari la kulalia hukaa limeegeshwa siku nyingi, tena karibu na maji. Kutu ndogo uliyoinunua haitabaki ndogo.

Nilijifunza kwa hasara. Haisi ya kwanza niliyotengeneza kwa ajili ya familia yangu niliipata kwa muuzaji mmoja, nyeupe inang'aa, injini inalia vizuri. Godoro la sponji nimeshanunua, mbao nimeshapasua. Siku ya kukata tundu la feni juu ya paa, msumeno wa umeme ukaanza kutoa vumbi la rangi ya waridi. Bati halitoi vumbi la waridi. Nilikaa juu ya ngazi pale mpaka chai ikapoa.

Kwa hiyo kagua hivi. Anza na mfereji wa maji unaozunguka ukingo wa paa, pale maji hutuama. Shuka kwenye pembe za chini za kioo cha mbele. Fungua mlango wa kuburuza, tazama kizingiti chake kwa chini. Piga magoti nyuma ya matairi ya nyuma. Kisha funua zulia la mpira sakafuni, usione haya. Muuzaji akikukataza, ameshakujibu. Chini ya zulia ndipo utajua kama gari lilikuwa daladala. Utakuta matundu ya bolti za viti, mengine yameongezwa kwa kuchomwa moto, na kila tundu limeanza kula bati pembeni.

Kama unaagiza Japani, dai karatasi ya mnada, ile ripoti ya ukaguzi wa gari, kabla ya kutuma pesa. Ule mchoro wa gari una herufi: S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati, W ni mahali palipowahi kunyooshwa. Gari lililoishi kaskazini kule, Hokkaido kwa mfano, limepita barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji. Juu linaweza kupendeza kama bibi harusi huku chini limekwisha. Omba picha za uvunguni.

Kati ya Haisi ya abiria na ya mizigo, mimi nachagua ya mizigo bila kufikiri mara mbili. Sakafu yake imenyooka, na ukipata yenye mabati badala ya vioo ubavuni ni bahati. Kila kioo ni mlango wa joto, na kwa joto la Tanga mwezi wa pili hutanishukuru kwa kukuwekea mandhari pande zote.

Sasa vipimo, maana hapa watu hununua kwa macho. Haisi ya umbo lililoanza mwaka 2004, ile ya kawaida, ina urefu wa mita 4.695 na upana wa mita 1.695 kwa nje. Ukitoa unene wa bodi na mbao za ndani, mtu mzima hawezi kulala kukingama, atalala kwa urefu tu, na kitanda kitakula nusu ya nyumba. Ndefu kabisa, yenye paa la juu, ina mita 5.38 kwa 1.88, na kimo cha mita 2.285. Hata humo mtu wa kimo cha kawaida huinamisha shingo. Kupanda Soni kutoka Mombo inapita vizuri, ila kwenye vichochoro na chini ya miembe ile ndogo inakuwa mfalme. Kwa watu wawili wanaopika nje nachukua ndogo. Mwenye watoto achukue ndefu.

Injini imekaa chini ya viti vya mbele. Wateja huniletea picha za simu zenye viti vinavyogeuka kutazama nyuma. Kwenye Haisi hii sikushauri, kwani fundi lazima anyanyue viti ili aifikie. Ukichukua dizeli ya 1KD, ile ya lita 3.0, uliza habari za nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini. Vikalio vyake vya shaba vikivuja, masizi huingia kwenye oili, huziba chujio la ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na injini hukosa oili huku ikiendelea kukimbia. Kushusha sampu na kutazama chujio ni kazi ya asubuhi moja. Ukisafiri mara chache kwa mwaka, petroli ya 1TR au 2TR inakutosha, haina mambo mengi.

Fo-wili, yaani gari linalosukuma kwa matairi yote manne, wanaiulizia sana kwa ajili ya Amani wakati wa masika. Inasaidia kwenye utelezi, lakini haikuinulii gari. Tairi nzuri na kusubiri jua vimenitoa mara nyingi zaidi.

Uzito usikutishe sana, ila uhesabu. Watu 14 wa kilo 65 wanapita kilo 900, na springi za nyuma za vyuma bapa zilitengenezwa kwa kazi hiyo. Maji lita 60 ni kilo 60. Ubao mmoja mzima wa MDF, ule wa unga wa mbao ulioshindiliwa, wa milimita 18 unakaribia kilo 40, na ukilowa unavimba kama boflo kwenye chai. Tumia plaiwudi nyembamba.

Ushuru piga kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujaagiza, umri wa gari unabadilisha hesabu. Na kadi ya gari irekebishwe ukishabadilisha matumizi, bima nayo ijue.

Siku ya kununua nenda na ndoo mbili za maji. Mwambie kijana apande ngazi, amwage taratibu juu ya paa, wewe ukae ndani milango imefungwa, tochi mkononi. Yule mwalimu mstaafu alikaa dakika kumi. Alitoka bega moja limelowa, akampigia dalali simu palepale.